Je, ni lazima ninunue Mac ili nitengeneze programu ya iPhone?

"Habari za kazi. Nipo Mwanza, huu ni mwaka wa pili najifunza Flutter (zana ya kutengeneza programu ya Android na iPhone kwa msimbo mmoja). Natumia HP EliteBook 840 G5, RAM 8GB, SSD 256GB. Nikifungua Android Studio pamoja na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), mashine inakwama na feni inalia muda wote. Nimepata mteja wangu wa kwanza wa maana: SACCOS inayotaka programu ya wanachama kuangalia akiba, kuomba mkopo na kupokea taarifa, na wanataka iwe ya Android na iPhone. Wenzangu wanasema bila Mac sitafika popote. Kuna kaka anauza MacBook Pro ya 2017, RAM 16GB, kwa 1,100,000, anasema ni bei ya kirafiki. Pesa sina, ila kuna mtu yuko tayari kunikopesha kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Ninunue? Au nimwambie mteja iPhone haiwezekani? Au niuze hii HP niongezee?"

Usinunue hiyo Mac. Natanguliza jibu kwa sababu nahofia huyo kaka atakupigia simu kabla hujamaliza kusoma. Sisemi kwamba mashine ni mbovu. Inawezekana kabisa ni nzima, kioo safi na betri inakaa. Shida ni kwamba kazi unayotaka kuinunulia haiwezi kuimaliza.

MacBook Pro za 2017 Apple iliziacha kwenye Ventura, toleo la 2022 la macOS, mfumo endeshi wa Mac, na haziendi mbele ya hapo. Xcode, ambayo ndiyo zana ya Apple ya kujengea programu za iPhone, kwenye Ventura inaishia toleo la 15.2. Sasa tazama upande wa App Store: tangu tarehe 24 Aprili 2025 haipokei programu iliyojengwa kwa Xcode ya chini ya 16, na Apple ilishatangaza kwamba kuanzia 28 Aprili 2026 inayodaiwa ni Xcode 26, ambayo nayo inataka macOS Sequoia 15.6 au zaidi. Maana yake ungelipa milioni na laki moja, ukaandika msimbo wako vizuri, ukaiona programu inatembea kwenye simuleta, halafu siku ya kuipakia ukarudishwa mlangoni. Zipo mbinu za kulazimisha macOS mpya kwenye Mac za zamani, na watu wanazitumia. Kwa mashine ya kuchezea nyumbani sina neno, lakini kazi ya mteja anayekulipa usiiweke juu ya kiraka ambacho sasisho moja tu linaweza kukibandua.

Wengi wakienda kuangalia Mac iliyotumika wanauliza RAM na ukubwa wa diski. Kwa kazi yetu swali la kwanza ni la mwaka: mashine hii inapokea macOS ya mwisho ipi? Hizo 16GB unazotajiwa hapo ni chambo.

Tuje kwa wenzako. Wako sahihi nusu. Programu ya Android unaijenga kwenye Windows, Linux au Mac, popote. Unatengeneza ufunguo wako mwenyewe, unasaini faili, na ukitaka unamtumia mtu kwa WhatsApp anaisakinisha. iPhone ina masharti zaidi. Haifungui programu ambayo haijasainiwa kwa cheti kinachotoka Apple, na maktaba za iOS zinazohitajika kuijenga zimo ndani ya Xcode, na Xcode inakaa kwenye macOS tu. Flutter haikwepi hilo, wala mwenzake React Native. Msimbo wako wa Dart, lugha ya Flutter, utauandika hapo hapo kwenye HP, na sehemu kubwa ya kazi itaishia hapo. Ni ile hatua ya mwisho, ya kuugeuza msimbo kuwa faili ambalo iPhone inalikubali, ndiyo lazima ipite kwenye Mac. Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mac hiyo iwe mali yako.

Zipo kampuni zenye Mac nyingi ambazo hukodisha kwa dakika. Kwa mtu wa Flutter ningeanza na Codemagic. Unaweka msimbo wako GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, unaunganisha akaunti, unabonyeza kitufe. Mac iliyoko kwao inauchukua, inaujenga, inausaini na kuupeleka TestFlight, huduma ya Apple ya majaribio. Akaunti binafsi inapewa dakika 500 za bure kila mwezi. Programu ya fomu na orodha kama hii yako, ukiweka hesabu ya dakika ishirini kwa kila ujenzi, unapata nafasi kama 25 kwa mwezi bila kutoa senti. Vyeti navyo wanaweza kukutengenezea kwa ufunguo unaoutoa kwenye akaunti ya Apple, kwa hiyo hata hapo huhitaji Mac. Meneja wa SACCOS mwenye iPhone anapakua TestFlight, anapokea mwaliko, anaijaribu programu akiwa ofisini kwake. Toleo moja la majaribio linaishi siku 90. GitHub nao wana Mac za kukodisha kwa dakika. Amazon pia wanazo, ila kwao ukishaichukua unalipia si chini ya saa 24, kwa hiyo hizo waachie makampuni.

Nisikufiche upungufu wa njia hii. Nakupa mfano ambao karibu utakupata kweli. Fomu ya mkopo itataka mwanachama apige picha kitambulisho chake cha NIDA. Kwenye Android itafanya kazi. Kwenye iPhone mtu anabonyeza kitufe cha kamera na programu inajifunga pale pale, bila ujumbe wowote. Sababu inaweza kuwa mstari mmoja tu uliokosewa upande wa iOS. Ungekuwa na Mac na iPhone imechomekwa kwa waya, ungeona kosa limeandikwa waziwazi. Kwa Mac ya kukodi unaona tu kwamba imejifunga. Unabahatisha sababu, unarekebisha, unasubiri ijengwe upya, unasubiri TestFlight, unasakinisha, unajaribu tena. Jioni nzima inaweza kuisha kwa mstari mmoja. Kibodi inayofunika kisanduku cha kuandikia, taarifa zisizofika na kitufe kilichojificha chini ya ukingo wa skrini navyo vitakusumbua vivyo hivyo.

Kwa programu moja, tena ya aina hii, usumbufu huo unavumilika. Ingekuwa programu inayoongea na kifaa kwa Bluetooth, inayofuatilia gari barabarani huku skrini imezimwa, au inayokulazimu kuandika mwenyewe Swift, lugha ya Apple, ningekwambia usianze bila Mac mezani.

Katikati ya hayo mawili kuna njia ya kuazima. Kama una rafiki mwenye Mac inayokubali Xcode ya sasa, muombe Jumamosi mbili kwa ajili ya yale makosa sugu tu. Fungua akaunti yako ya mtumiaji kwenye mashine hiyo, usifanyie kwenye yake, na ukimaliza ifute yote. Ufunguo wako wa kusaini hubaki ndani ya Keychain, sanduku la siri la Mac, na huo si kitu cha kuacha kwenye kompyuta ya mtu.

Njia ya kusimika macOS kwenye HP yako, au ndani ya mashine pepe juu ya Windows, achana nayo. Leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye vifaa vya Apple pekee, na hata ukisema leseni utajijua nayo, kwa RAM 8GB utakesha. Isitoshe, macOS 26 ndiyo ya mwisho kukubali prosesa za Intel. Njia hiyo inafungwa.

Sasa tushughulikie HP yako, maana nadhani mateso yake ndiyo yaliyokufanya uitamani Mac. Hiyo mashine usiiuze. EliteBook 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, na huenda yako ina kijiti kimoja tu. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Memory, tazama chini kulia. Ukiona "Slots used: 1 of 2", nunua kijiti cha DDR4 SODIMM cha 8GB, utafika 16. Ukiona 2 of 2, itabidi vile vya 4GB vitoke. Google wenyewe wanaitaja 8GB kama kiwango cha chini kabisa cha Android Studio, na ukiongeza emuleta juu yake wanataka 16. Usijilaumu basi, na mashine nayo usiilaumu. Umeipakia mzigo usio wake.

Hata kabla ya RAM, acha kutumia emuleta. Andikia msimbo kwenye VS Code, kihariri chepesi, chomeka simu ya Android kwa waya, ingia kwenye mipangilio, gusa Build number mara saba, kisha washa USB debugging. Flutter itaiona simu na mabadiliko yataonekana humo mara tu unapohifadhi faili. Jaribu leo jioni. Huenda nusu ya hamu ya kununua kompyuta ikakuisha.

Kama kuna kifaa ambacho kweli ningekushauri ukinunue kwa kazi hii, ni simu ya bei ya chini kabisa. Tafuta Tecno au itel iliyotumika, yenye RAM 2GB na nafasi 32GB, iwe imejaa picha za WhatsApp kama zilivyojaa za wanachama. Emuleta inakopa nguvu ya kompyuta, kwa hiyo kila kitu humo kinaonekana chepesi. Kwenye simu ya mama anayeuza dagaa Kirumba, orodha ya miamala 400 unayoipakia kwa mkupuo itagandisha skrini, naye ataamini akiba yake imepotea. Hitilafu ya namna hiyo huwezi kuiona kwenye Mac ya mamilioni. Utaiona kwenye itel ikiwa mkononi mwako.

Kuna kikwazo kingine ambacho hukukiuliza, na ndicho kinachoweza kukuchelewesha kuliko vyote. Hii ni programu ya fedha. Kanuni za App Store zinataka programu za sekta kama benki na huduma za kifedha ziwasilishwe na taasisi inayotoa huduma hiyo, si na mtu binafsi aliyeitengeneza. Google Play nao wanataka akaunti ya shirika kwa programu za huduma za kifedha. Kwa hiyo akaunti zote mbili zifunguliwe kwa jina la SACCOS, kwa nyaraka zao za usajili na leseni yao, na wewe, kama mtu waliyemteua, upewe ruhusa ya kufanya kazi ndani yake. Shirika linahitaji namba ya D-U-N-S, utambulisho wa kimataifa wa biashara, ambayo kuiomba ni bure lakini inachukua muda, hasa kama anwani iliyoandikwa kwenye cheti haifanani na wanayoitumia sasa. Apple wanatoza dola 99 kila mwaka, Google dola 25 mara moja tu. Gharama hizo ni za mteja, ziandike kwenye mkataba. Jambo lenyewe lina nafuu kwako pia: akaunti binafsi mpya za Google Play zinalazimika kwanza kupata wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo, na za mashirika hazidaiwi hilo. Na siku mkiachana, kwa heri au kwa shari, programu inabaki yao bila ugomvi.

Ungeweza kununua Mac mpya kabisa, ukamaliza kila kitu, kisha ukakataliwa kwa sababu umewasilisha programu ya akiba za watu kwa jina lako mwenyewe.

Usimwambie mteja iPhone haiwezekani, kwa sababu inawezekana. Muulize kwanza wanachama wangapi wana iPhone. Mara nyingi anayeitaka ni mwenyekiti na wajumbe wawili wa bodi, kwa sababu ndizo simu walizonazo wao. Ikiwa ndivyo, pendekeza Android itangulie na iPhone ifuate awamu ya pili kwa malipo yake. Wenye iPhone wakati huo watumie tovuti iliyotengenezwa vizuri, ambayo wanaiweka kwenye skrini ya mwanzo kama programu. Tangu iOS 16.4 ya Machi 2023 hata taarifa zinaweza kuwafikia kwa njia hiyo. Na uliza pia wenye viswaswadu ni wangapi. Wakiwa wengi, menyu ya USSD, ile ya kupiga nyota na namba, inaweza kuwafaa kuliko hayo yote tunayoyajadili, ingawa hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Siku ya kununua Mac itakuja, na utaijua. Utakuwa na wateja wawili au watatu wanaolipia iPhone, unamaliza dakika za bure kabla mwezi haujaisha, na zile jioni za kubahatisha zinakula muda ambao ungeuuza. Hapo nunua yenye chipu ya Apple yenyewe, yaani M1 na kuendelea, zilizoanza kutoka Novemba 2020. Ya Intel usiiguse hata kwa bei ya kutupa. Tafuta RAM 16GB, maana kwenye hizi haiongezwi baadaye. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. M1 ya 8GB itakusogeza ukiwa mvumilivu, ila siipendekezi kwa mtu mwenye HP inayoweza kufika 32. Mac mini ya M4 ilipotoka Novemba 2024 ilianzia dola 599 Marekani, ikiwa tayari na 16GB, na kwa thamani ya pesa ni vigumu kuishinda. Lakini haina skrini, haina kibodi, na umeme ukikatika inazima papo hapo, kwa hiyo jumlisha skrini na UPS ndipo ulinganishe na MacBook Air. Weka na hesabu ya intaneti. Xcode na simuleta yake ni GB nyingi, na kila sasisho kubwa unarudi kupakua tena. Bando la siku halitoshi.

Ukienda kuiangalia iliyotumika, usiridhike kwa kuona inawaka. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, kisha ianze upya ikiwa imeunganishwa kwenye hotspot ya simu yako. Ikidai Apple ID ya mtu mwingine, imefungwa. Ikileta ukurasa ulioandikwa Remote Management, ni mali ya kampuni au shule fulani huko ilikotoka, na siku yoyote wanaweza kuifunga. Wauzaji wajanja huisimika bila intaneti ili ukurasa huo usitokee, ndiyo maana nasisitiza hotspot iwe yako. Kama hataki kufuta, mshukuru kwa muda wake.

Kuhusu mkopo, hata mashine ingekuwa nzuri ningekukataza. Asilimia 20 ya 1,100,000 ni 220,000 kila mwezi. Miezi mitano tu, riba peke yake imefika bei ya mashine na deni lenyewe hujaligusa. Hiyo ni kausha damu, hata kama anayekopesha ni mtu mnayeheshimiana. Omba SACCOS malipo ya awali, asilimia 30 hivi, mkisaini. Kwa pesa hiyo utapata RAM, simu ya majaribio, na itabaki ya kula wakati unafanya kazi. Mteja anayekataa kutoa hata shilingi mwanzoni anakueleza mapema jinsi mwisho utakavyokuwa.

Mambo mawili usiyafanye peke yako mbele ya kompyuta. RAM ikafungwe na fundi wa laptopu unayemwamini, ukiwa umesimama pale, na uhakikishe inasoma 16GB kabla hujalipa. Mkataba nao, kwa kuwa utagusa taarifa za akiba na vitambulisho vya wanachama, mpelekee wakili ausome, na umwulize hasa kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: nani anabeba wajibu taarifa zikivuja. Kisha panga kukaa na meneja wa SACCOS wiki hii. Aje na cheti cha usajili na leseni, mjaze ombi la D-U-N-S pamoja, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti. Ombi likishaenda, rudi kwenye msimbo wa Android.